Kompyuta ndogo ya kurekodia muziki nyumbani, Mtwara: mfuko ni 1,200,000, nichukue ipi?

KinandaKusini:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatuma hela ya watu.

Nina chumba kimoja hapa Chikongola nimekitenga kwa ajili ya kurekodi. Kazi zenyewe si kubwa: mwimbaji mmoja mmoja, gitaa, kinanda, kwaya mbili zinazokuja kuingiza sauti kwa zamu, na hela ya korosho ikishaanza kuingia (hapo ndipo watu wanakumbuka kwamba wana vipaji) napata vijana wa bongo fleva wanaokuja na biti zao mkononi. Mpaka sasa natumia laptopu ya kuazima na mwenyewe ameshaanza kuiulizia.

Monita ninayo, kibodi ninayo, hedifoni na maiki moja ya Shure SM58 vipo. Sina kompyuta wala saundi kadi ya nje, kile kiboksi cha kuingizia maiki kwenye kompyuta. Desktopu kubwa sitaki, chumba ni kidogo na feni likivuma linaingia kwenye maiki. Wauzaji wa Dar wamenitajia Dell OptiPlex 3060 Micro ya mtumba, i5-8500T, RAM 8, SSD 256, kwa 480,000. Mwingine ana mini (kompyuta ndogo ya mezani) mpya yenye prosesa ya N100, RAM 16, SSD 512, anataka 430,000. Wa tatu ana Mac mini M1 ya mtumba, RAM 8, SSD 256, amegoma kushuka chini ya 1,050,000. Rafiki yangu anashikilia Mac, anasema prodyuza wa maana hagusi Windows.

Mfuko wote ni 1,200,000, saundi kadi ikiwemo humohumo. Mnasemaje?

Mtwarian_og:
Chukua Mac ufe nayo. Nimemaliza.

FundiMeza:
Mkuu, usimsikilize huyo wa juu, anakutakia mema lakini hajasoma bajeti.

Anza na kazi yako, bei ije baadaye. Unarekodi maiki moja, ukizidi sana mbili kwa mpigo. Sauti ya biti 24 (bit za kompyuta, si biti za vijana) kwa 48 kHz, njia moja, inakula MB 8.6 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki (tabaka za sauti) kumi haufiki hata MB 350. Hapo hakuna kompyuta ya miaka kumi hii inayoshindwa kuandika. Saundi kadi ya njia mbili nayo inapita kwenye USB 2.0 na nafasi inabaki tele, kwa hiyo anayekuambia lazima Thunderbolt, lile tundu la kasi la bei kubwa, anataka tu kukuuzia.

Kinachoichosha kompyuta ni kitu kingine. Mwimbaji akitaka kujisikia kwenye hedifoni kupitia programu, unalazimika kushusha bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 512 kwa 44.1 kHz ni karibu milisekunde 12 za kuingia tu, bado za kutoka, na hapo mwimbaji anaanza kulalamika kwamba anajisikia mara mbili. Ukiishusha hadi 128 inakuwa kama milisekunde 3, lakini sasa prosesa inatakiwa imalize mahesabu yake yote ndani ya hizo 3, tena na tena, wimbo mzima. Ikichelewa mara moja unasikia "tak" katikati ya ubeti, na siku zote inakuja kwenye ile chukua (mara moja ya kurekodi) nzuri.

Tena plagini (vijiprogramu vya kunyoosha sauti) zilizopangwa kwenye treki moja zinasubiriana: kompresa haianzi mpaka ekyu imalize. Treki moja ukiibebesha plagini kumi na mbili, kuwa na viini vingi vya prosesa hakukusaidii sana, inayokuokoa ni kasi ya kiini kimoja. Kwa hiyo ukilinganisha prosesa usihesabu viini peke yake.

Sasa mashine zako. N100 ni viini vinne, chipu ya wati 6, na RAM yake inakwenda kwa njia moja tu. Kuimbisha mtu juu ya biti iliyokamilika inafanya vizuri kabisa. Ila ukianza kufungua piano na vinanda vya sampuli, ukaweka na kwaya ya treki ishirini juu yake, utaanza kugandisha treki mojamoja (kuzigeuza sauti iliyokamilika, plagini zipumzike) ili upumue. i5-8500T ina viini sita, kasi inafika 3.5 GHz, na ndani kuna nafasi mbili za RAM ya DDR4, zile ndogo za laptopu, unapanda hadi GB 32. Hiyo ndiyo ningechukua mimi.

Na uangalie kizazi cha prosesa: i5-8500T ni ya kizazi cha 8 cha Intel. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel orodha ya Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, chini yake ni chache sana zilizopenya. Ndiyo sababu OptiPlex 3050, 7050 na Lenovo M710q zimeshuka bei ghafla na utaletewa kama ofa. Zinarekodi, sikatai, lakini unanunua kitu ambacho mlango wake umeshafungwa.

Mac M1 ni nzuri, tusidanganyane. Kwa kasi ya kiini kimoja inaziacha hizo nyingine mbali, haina kelele, na GarageBand ipo bure. Ila RAM 8 ndiyo hiyohiyo mpaka inakufa, imeshikana na chipu. Halafu ukishailipia unabaki na 150,000. SM58 yako utaichomeka wapi? Maana Mac haina tundu la XLR, lile la kebo ya maiki.

KinandaKusini:
Mkuu umenifungua macho. Kwa hiyo saundi kadi ipi? Nimeona Behringer UM2 ni rahisi sana.

FundiMeza:
UM2 na UMC22 sauti zinatoa, tatizo ni draiva, ile programu inayoziunganisha na Windows. Kwenye Windows zinategemea ASIO4ALL, ambayo ni ya kubahatisha: leo inakubali bafa ya 128, kesho umefungua kivinjari inagoma. Panda ngazi moja, UMC202HD, hiyo ina draiva yake ya ASIO, yaani ya sauti isiyochelewa. Au Focusrite Scarlett Solo ukiipata. Zote zina 48V, umeme wa kuwasha maiki ya kondensa siku ukiinunua, na zote zina swichi ya kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Hiyo swichi ndiyo inayofanya hata mashine dhaifu itoshe, kwa sababu unaacha bafa iko 512 na mwimbaji hajui kitu. Anachokosa ni ekoo kwenye masikio yake tu, na wanakwaya wengi hawaiulizii.

Mikindani_Pwani:
Naona mnapanga mambo mazuri lakini mmesahau tunaishi wapi. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapa hapa mlangoni kwetu, lakini umeme ukiamua kuondoka hauagi. Mini haina betri. Kijana yuko kwenye ubeti wa pili, giza, umepoteza chukua na pengine faili zima limeharibika. Kwa 600,000 anapata ThinkPad au EliteBook ya mtumba ya kizazi hicho hicho cha 8, yenye betri, monita na kibodi ndani. Kwa nini ajitese?

KinandaKusini:
Hili nalo neno.

FundiMeza:
Ni neno kweli, na kama angekuwa hana monita ningekuunga mkono. Lakini tazama vizuri hizo laptopu. Za kizazi cha 8 nyingi zina prosesa ya herufi U, chipu ya wati 15 ndani ya kibanda chembamba. Ukiipa mzigo nusu saa kwenye joto la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili, inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na feni lake ni dogo na lina kelele ya juu ya filimbi ambayo maiki inaidaka. Betri ya mtumba nayo utakuta inakaa dakika ishirini. Na chaja za pini mbili, hakuna waya wa ethi: unachomeka gitaa unasikia mlio wa "zzzz" unaokoma ukigusa nyuzi. Wapiga gitaa wananielewa.

Mini inakula umeme kidogo. Ikiwa imetulia ni kama wati 10, ukiibana sana inaelekea 50 na kitu, adapta yenyewe ya 3060 ni ya wati 65. Monita ya kawaida ongeza 20. Saundi kadi inavuta kwenye USB humohumo. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo ya 650VA inakutosha kumaliza wimbo, kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Haimaanishi ufanye kazi gizani saa mbili.

Solar_Ruangwa:
Hapo kwenye umeme mruhusuni N100 ipumue jamani. Nyingi zinakula 12V, kwa hiyo mtu mwenye sola anaweza kuitoa moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Dell inataka 19.5V, huko ni lazima inveta au kipandishi cha volti.

Ila angalizo: betri ya "12V" ikiwa inachajiwa inafika 14.4V. Msichomeke waya kavu, weka kidhibiti cha kutoa 12V kamili katikati. Mini imekufa hivyo huku kwetu, na fundi akaambiwa ni radi.

KinandaKusini:
Mimi niko kwenye umeme wa kawaida, sola sina. Naelekea kwenye Dell na UPS. Nikague nini kwa muuzaji? Siwezi kwenda Dar mwenyewe, kuna ndugu yangu yuko huko ila kompyuta haijui.

Kkoo_Mtumba:
Ndugu yako asijue kompyuta si tatizo, ajue tu kuwa mbishi.

Kwanza kabisa adapta. Hizi mini za maofisini watu huzinunua kwa mzigo bila adapta, halafu dukani wanakuwekea yoyote inayoingia. Dell inakagua adapta yake; isipoitambua inatoa onyo wakati wa kuwaka na prosesa inabanwa, unaweza kuikuta imeganda kwenye 0.8 GHz wakati ilitakiwa ipande hadi 3.5. Kompyuta inawaka, intaneti inafungua, mteja anaondoka ana furaha, akifika nyumbani anafungua plagini tatu mashine inapiga magoti. Kwa hiyo ndugu yako aizime, aiwashe tena mbele ya muuzaji, asome maneno yanayotokea kwenye skrini, kisha afungue Task Manager, sehemu ya CPU, afungue vitu vingi kwa pamoja aone namba ya GHz inapanda. Isipopanda, arudishe adapta. Na asikubali kuwekewa adapta ya HP au Lenovo kwenye Dell, hata kama mdomo unaingia.

Aingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikidai nywila, aiache hapo hapo juu ya meza aondoke.

SSD aipime kwa CrystalDiskInfo, ni programu ndogo inakaa kwenye fleshi. Halafu amuulize kama ina kadi ya Wi-Fi, maana nyingi za ofisini zilikuwa zinatumia waya na hazina kabisa.

KinandaKusini:
Wi-Fi si muhimu sana, nitatumia simu kwa kebo.

Kkoo_Mtumba:
Basi umeokoa hela na umeokoa sauti, atakueleza Fundi.

FundiMeza:
Kweli. Draiva za Wi-Fi ni kati ya vitu vinavyoikatiza Windows kila mara na kuleta hiyo "tak". Ukifika mashine iwekee LatencyMon, iache inaendelea kama dakika kumi huku wimbo unacheza, itakuonyesha draiva gani inachelewesha. Weka umeme wa Windows kwenye utendaji wa juu, na zuia isizime milango ya USB ili kuokoa umeme. Siku ya kurekodi ondoa intaneti kabisa, hata ya simu. Windows ina tabia ya kukumbuka masasisho yake mteja akiwa mbele ya maiki.

RAM ongeza kijiti kingine cha 8 ziwe mbili, zifanye kazi kwa njia mbili. 16 inakutosha labda uje kuanza okestra.

BintiNewala:
Jamani na mimi niingie kidogo. Mimi narekodi ngoma huku uwandani, sindimba na nyimbo za bibi zetu, na nilikuwa naufuatilia uzi huu nikifikiria kununua hiyo hiyo mini niwe nasafiri nayo kwa sababu ni ndogo. Ni wazo zuri?

FundiMeza:
Dada, hapana. Udogo wake ni wa mezani. Ukifika uwanjani utahitaji monita, umeme, kibodi, na ngoma haisubiri monita iwake. Wewe tafuta kinasa cha mkononi chenye maiki zake, aina ya Zoom H1n, au H4n ukitaka na matundu mawili ya XLR. Kinatumia betri za kawaida za duka la Mangi. Rekodi biti 24 na ushushe kiwango cha kuingia mpaka kilele kiwe karibu -12 dB, kwa sababu sindimba ikichanganya mpigaji atapiga mara mbili ya alivyopiga ulipokuwa unapima. Ukirudi nyumbani ndiyo uhamishie kwenye kompyuta, hapo hata N100 inakutosha maana huhitaji bafa ndogo.

BintiNewala:
Asante kaka. Hiyo ya kupiga mara mbili ni kweli tupu, na wazee wakishaona kifaa ndiyo kabisa.

Shangani_Upepo:
Kuna jambo mmelipita. Sisi tulio karibu na bahari, chumvi. Mashine ikikaa dirishani upande wa upepo, baada ya muda matundu ya USB yanaanza kuota kutu ya kijani na saundi kadi inaanza kukatika yenyewe. Ifunikeni ikiwa imezimwa na imepoa, si ikiwa inawaka. Na msiiache miezi bila kuiwasha, ule ujoto wake mdogo unakausha unyevu.

Feni nalo lipulizwe. Unafungua skrubu moja nyuma, mfuniko unateleza, unashika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ndipo unapuliza. Kama ni ya mwaka 2018 na haijawahi kubadilishwa gundi ya joto, badilisha. Kelele itapungua bila kununua kitu.

KinandaKusini:
Kelele ndiyo inanitia hofu kuliko yote. Chumba ni futi kumi kwa kumi, kompyuta na mwimbaji wote humo.

FundiMeza:
SM58 yako ni kadioidi: inasikia mbele, upande wa nyuma kabisa ni kiziwi. Kwa hiyo panga hivi. Mwimbaji anatazama meza, maiki katikati yao, mgongo wa maiki unaelekea kwenye monita. Mini uifunge nyuma ya monita kwa kile kibati cha VESA cha kufungia vitu mgongoni mwa monita, au uiweke chini ya meza upande huo huo. Feni litakuwa linavuma kwenye upande ambao maiki haisikii. Ukitaka zaidi, kebo ya USB 2.0 inaruhusiwa mpaka mita 5, unaweza kuiweka kompyuta koridoni na saundi kadi ikabaki ndani.

Kwa kweli bati lako na kuta tupu zitaharibu rekodi kuliko feni la mini. Godoro mbili zimesimama nyuma ya mwimbaji, pazia nzito dirishani. Na mvua ikinyesha, funga studio mnywe chai.

Mtwarian_og:
Na programu ya kurekodia? FL Studio si ndiyo yenyewe?

FundiMeza:
FL kwa kutengeneza biti, sawa. Ila toleo la Fruity, lile la bei ya chini, halirekodi sauti ya maiki, unahitaji Producer kwenda juu. Kwa kazi ya kwaya na gitaa ningemwambia Reaper: siku 60 unaijaribu ikiwa kamili, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi mno. Iwekee ijihifadhi kila baada ya dakika chache, hapo Mikindani_Pwani atalala usingizi.

Programu za kuvunja kufuli, zisizolipiwa, mimi siwekei wateja. Nusu ya "kompyuta yangu imekuwa nzito" ninazoletewa mezani, zimeanzia huko.

Na hao vijana wanaokuja na biti, wazoeshe kuleta WAV. Biti ikitumwa WhatsApp kama sauti inaweza kufika imeshabanwa. Wakikosa fleshi watume kama dokumenti, inafika ilivyo.

Mikindani_Pwani:
Nimekubali, lakini UPS aijaribu kwa kuchomoa ukutani siku ya kwanza, asisubiri mteja awe ndani.

KinandaKusini:
Nimeshapiga hesabu wakuu. Dell 480,000, kijiti cha RAM nimetajiwa 55,000, UMC202HD 330,000, UPS 160,000. Jumla 1,025,000. Kinachobaki ni cha kusafirishia na leseni ya Reaper. Nimemtumia ndugu yangu maneno ya Kkoo_Mtumba kama yalivyo, kasema atarekodi video akiwasha ili mimi nione hizo GHz. Saundi kadi atakuja nayo mkononi kwenye basi, si kwenye buti.

Swali la mwisho: monita yangu ni ya zamani, ina VGA tu.

Kkoo_Mtumba:
3060 Micro kwa kawaida inakuja na DisplayPort na HDMI, VGA ni ya kubahatisha. Mwambie achukue kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye kichwa kinene ambacho ndani kina sakiti. Ile kebo iliyonyooka tu, HDMI huku na VGA kule bila kigeuzi, haitoi picha, asiinunue hata akipewa kwa buku. Aijaribu hapohapo na monita ya VGA ya dukani kabla hajalipa.